Walioniambia Watakuja

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye kongamano lile nilikuwa nimevaa nguo za kanisani, na kila mtu mwingine alikuwa amevaa fulana. Ilikuwa mwisho wa baridi, theluji imegeuka nyeusi kando ya barabara, na mimi nilikuwa nimeona tangazo kwenye maktaba ya New Hope, mtaa ninamoishi na kufanya kazi: wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi wanakutana, siku tatu, hotelini, watu wote wanakaribishwa. Hadithi hizo, za vyombo vya angani na sayari za mbali na watu wa miaka elfu ijayo, nimezipenda tangu nilipokuwa msichana Nakuru, nikizinunua zimeshachanika majalada kwa mzee aliyetandaza vitabu chini karibu na soko. Sikuwa nimewahi kukutana na mtu mzima mwingine aliyezisoma. Hapa Minnesota wenzangu wa kanisani walinicheka tu. Waliniita mama roketi, na hadi leo wapo wanaoniita hivyo.

Kwenye meza ya usajili alikaa mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mvi zake amezisuka mkia mmoja uliomfika mgongoni. Aliniuliza jina langu linaandikwaje, akaliandika kwa mkono kwenye beji, herufi nzuri kama za cheti cha ubatizo. Kisha akaniuliza swali ambalo kwa miaka minne niliyokuwa nimekaa nchi hii hakuna Mmarekani aliyewahi kuniuliza. Aliniuliza kama nimekula.

Huyo ndiye nitakayemwita mwenyekiti. Yeye na rafiki yake mmoja wa kiume ndio waliolianzisha kongamano wakiwa wanafunzi, na ingawa kamati ilichaguliwa upya kila mwaka, lilikuwa lake kama jiko lilivyo la mwenye nyumba. Aliuacha usajili ukisimamiwa na mwingine, akanishika mkono, akanipeleka chumba cha ukarimu.

Kila kongamano la aina hii lina chumba hicho. Hoteli inaondoa vitanda, wanakongamano wanaingiza meza, masufuria ya supu, mikate, vikombe, na mwenye beji yeyote anakula kutwa nzima bila kuulizwa neno. Na hakuna anayelipwa pale. Anayepika, anayepanga viti, anayezungumza jukwaani, wote wamejilipia kiingilio. Nikaelewa mara moja, kwa sababu ndivyo harusi za kwetu zilivyo: hakuna mteja, kila mtu ana kazi. Siku ile nilikaa sakafuni ukumbini, na nguo zangu za kanisani, nikabishana saa mbili na mwanamume mmoja wa posta kama mtu aliyelala miaka mia tatu ndani ya chombo cha angani anapoamka bado ni mzee kwa vitukuu vyake au amekuwa mtoto kwao. Nilirudi nyumbani sauti imenikauka. Sikumbuki mara nyingine nilipokuwa na furaha kiasi kile katika nchi hii.

Mwaka wa pili nilikwenda na chai ya maziwa na mandazi. Mwaka wa tatu nikapewa sufuria yangu mwenyewe. Mwaka wa tano nikaingia kwenye kamati, mwanamke Mkenya pekee katikati ya wahandisi wastaafu na wakutubi, na hakuna hata siku moja waliyonifanya nijione mgeni.

Sijui tulianza kupungua mwaka gani hasa. Mimi ni nesi katika nyumba ya wazee, nami najua kwamba mgonjwa anayepungua kilo moja kila mwezi, wa mwisho kuliona ni anayekaa naye. Kwanza tulifunga chumba cha watoto, kwa sababu watoto waliokuwa wakikijaza walikuwa wamekua na kuhamia majimbo mengine. Tukakifanya chumba cha watu kupumzika mchana, nacho kikajaa. Kisha tukaacha ghorofa ya juu ya hoteli. Kisha densi ya Jumamosi ikafa, maana magoti ya wachezaji yalikuwa yamekufa kabla yake. Nilianza kuona fimbo, halafu viti vya magurudumu, halafu mitungi ya oksijeni, na mwaka mmoja nikajikuta nampima mtu shinikizo la damu katikati ya mjadala juu ya sayari ya Mirihi. Kulikuwa na meza moja karibu na mlango ambapo tuliweka picha za waliofariki. Ilibidi tuongeze meza ya pili.

Vijana hawakuja. Binti yangu, aliyekuwa chuo wakati huo, alinieleza sababu kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia vizuri ila kukijibu hataki. Alisema vijana wanaopenda mambo haya wanakwenda kwenye kumbi kubwa za mjini, ambako unapanga foleni kupiga picha na mwigizaji, na siku zilizobaki wanaongea kwa simu kutoka asubuhi hadi jioni. Sasa wangojee mwaka mzima ili waje kuongea na wazee kuhusu vitabu kwa nini? Nilikasirika. Nikamwambia huko mjini wewe ni mteja tu, ukimaliza kulipa hakuna anayekujua, wala hakuna atakayekuuliza kama umekula. Akaniambia, kwa upole, kwamba yeye huwa ameshakula.

Halafu ukaja ule ugonjwa uliofungia dunia ndani. Miaka miwili tulikutana kwenye skrini, na milango ilipofunguliwa tena, wengi walikuwa wamezoea kukaa nyumbani. Mwaka wa kwanza baada ya hapo nilipika supu nikaimwaga nusu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi yetu tuliyaficha kwa kubana viti: kila mwaka tulipanga vichache zaidi, ili ukumbi uonekane umejaa.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka juzi, wiki moja baada ya kongamano, nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti kule Anoka kumsaidia kuosha masufuria. Barafu ya mto ilikuwa inapasuka, na kutoka jikoni kwake ulisikia mlio wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka uliopita, na sote wawili tulijua jina la ugonjwa ule, ila yeye hakupenda utajwe. Aliniambia niache sufuria, nikae.

"Nimekuwa nikifikiria," akasema. "Nataka kuwaandikia watu wote. Wote, hata walioacha kuja zamani, hata wale tuliogombana. Niwaambie kwamba mwakani ni la mwisho, waje tuagane. Watakuja, unajua? Watu hawaji kwenye kongamano, lakini kwenye kuaga watakuja. Yule niliyeanza naye anaishi Arizona sasa, moyo wake mbovu. Aliniambia atapanda ndege mara moja tu maishani mwake, siku nitakayomwambia ni la mwisho."

Akanitazama.

"Wewe unakaa na wagonjwa kila siku. Niambie ukweli. Limekufa?"

Swali lilikuwa wazi, na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu siku ile ya supu. Lakini mimi sikulelewa kumwambia mama mtu mzima, akiwa jikoni kwake, kwamba nyumba yake imekufa. Hata kazini, familia ikiniuliza kama baba yao atapona, mimi husema daktari atawaeleza. Na niseme yote, maana sina sababu ya kujipamba hapa: sikutaka life. Kama lingefungwa, mimi ningebaki na nani wa kuzungumza naye habari za sayari?

"Hapana, Mwenyekiti," nikamwambia. Sikuwahi kumwita jina lake, ingawa alinisihi miaka yote. "Bado liko hai. Linataka damu mpya tu. Watu wetu wamejaa hapa, Wakenya, Wakongo, wana watoto wanaopenda mambo ya anga. Nipe mwaka mmoja. Nitaleta watu."

Akasema basi, kama naona hivyo, barua haitaandikwa. Alikuwa ananiamini.

Nilianza na kanisa. Baada ya ibada, karibu na chai, nilimfuata rafiki yangu mmoja, nesi mwenzangu, mwenye sauti ya kuita umati na gari la kubeba umati huo. Nikamweleza. Hakuacha hata nimalize.

"Siz, si nitakuja! Hiyo weekend niko off. Nita-drive na van, nibebe hawa watoto wote, waache kukaa kwa simu."

Waliokuwa karibu wakasema nao watakuja. Mmoja akasema ataleta shemeji yake ambaye ni mwalimu wa fizikia. Wakanitania kidogo, mama roketi ametuletea mwaliko wa mwezini, lakini wote waliitikia. Nikatoa daftari nikawaandika.

Jumapili nyingine nilikwenda Eagan, kwenye ibada ya ndugu wa Kongo. Hao ni watu waliokaa kambini miaka na miaka kabla ya kuletwa huku, na wengi wao wanafanya kazi kwenye maghala ya huko. Walinisikiliza kwa heshima kubwa. Mwishoni baba mmoja mwembamba, mwenye watoto sita waliokaa mstari mmoja kimya kama vitabu kwenye rafu, alinijia mlangoni.

"Tutakuya, mama, bila shaka," akasema. "Ni saa ngapi? Na watoto, balete sahani zao?"

Nikamwambia sahani zipo. Nikamwandika na mkewe na watoto. Daftari likawa na majina thelathini na saba.

Binti yangu aliliona daftari mezani. Alilisoma, akaniuliza kama ninaamini kweli watakuja. Nikamwambia wameniambia watakuja. Akanikumbusha, kwa Kiingereza tena, kwamba mimi mwenyewe nimewaambia watu watatu mwezi ule kwamba nitafika kwenye sherehe zao, na zote sikufika. Nikamwambia aondoe vyombo mezani.

Na alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Sisi mtu hatumkatalii mwaliko usoni. Ukimkatalia, umemvunjia heshima. Ukimwambia utakuja kisha usionekane, umemstahi, naye ataelewa. Mwenye kualika akiwa na akili hasikilizi ile ndiyo. Anangoja kuona nani atampigia kumuuliza saa, kumuuliza avae nini, abebe nini. Asiyeuliza haji. Hayo nimeyajua tangu nikibeba maji ya kupikia harusi za shangazi zangu, na kwa hesabu hiyo nimepika mara nyingi sana bila chakula kubaki. Kati ya watu wa daftari langu, aliyeniuliza saa alikuwa mmoja. Nililiona hilo, nikalipita.

Mwenyekiti nilimpelekea majina yote. Aliyapenda. Alisema hataki yachapwe kwa mashine. Kila mtu mpya lazima apokewe na beji iliyoandikwa kwa mkono, kama zamani. Kwa mkono ule unaotetemeka iliweza kumchukua asubuhi nzima kuandika majina mawili. Alinipigia simu kuniuliza herufi gani inafuata ipi, jina linatamkwaje, ili atakapowapokea asiwaaibishe. Alijifunza kusema karibu. Alijifunza na umekula, akalisema vibaya, akacheka, akarudia.

Mwezi Januari, siku ya baridi ile ya kugandisha kope, alinipigia lakini si kwa ajili ya majina. Yule rafiki yake wa Arizona amekufa, moyo umesimama akiwa dukani. Nilimpa pole. Alisema asante, kisha akasema, "Sikumwita." Niliona aibu. Bado ningeweza kumwambia ukweli. Ilikuwa imebaki miezi miwili na zaidi, barua ingefika, waliobaki wangekuja. Nilimwambia tutaweka picha yake mahali pazuri kwenye meza.

Kongamano lilianza Ijumaa, na Ijumaa walifika wale wale, wachache kuliko mwaka uliopita. Sikushtuka, watu wangu walikuwa wa Jumamosi. Jumamosi asubuhi mwenyekiti alizipanga zile beji kwa alfabeti kwenye kitambaa cheupe, akakaa nyuma yake amevaa blauzi ya buluu niliyokuwa sijaiona. Mimi nilikuwa nimepika sufuria mbili, moja ya supu, moja ya pilau.

Simu ikaanza kulia ujumbe. Rafiki yangu mwenye gari alikuwa wa kwanza: "Siz, imekuwa ngumu, wameniita kazini, na hapa kwetu watu hawatoshi. Next year lazima!" Wengine wakafuata. Mtoto ana homa. Gari limegoma. Mwalimu wa fizikia hakuandika chochote, na wengi hawakuandika chochote, kama ilivyo ada. Sikuwa na haki ya kumlaumu hata mmoja. Nilisoma ujumbe nikijificha chumba cha ukarimu, kisha natoka na uso wa mtu anayesubiri wageni.

Mchana mwenyekiti akaniuliza, "Unadhani wamepotea? Ile njia ya kutokea barabara kuu inachanganya."

Nikasema huenda.

Naomba nisamehewe kwa ile huenda. Alichukua fimbo yake, akachukua kadibodi, akachora mshale, akavaa koti, akatoka kwenye tope la theluji hadi kwenye njia panda kuufunga kwenye nguzo. Nilimwona kupitia dirisha. Upepo uliupindua mshale, akaufunga tena, na ule mkono ulikuwa haumtii, na ilimchukua muda. Nilisimama pale na mwiko mkononi. Mtu yeyote mwenye moyo angekimbia nje amrudishe ndani, amwambie mama, acha, hakuna anayekuja. Mimi nilirudi kukoroga pilau.

Saa tisa hivi familia ya Eagan ikaingia, baba amevaa suti, mama amevaa kitenge kipya, watoto sita nywele zimechanwa. Mwenyekiti alisimama bila fimbo.

"Karibu," akawaambia kwa Kiswahili, na lile la pili, "umekula?", na yule mama wa Kikongo akaziba mdomo kwa mshangao, akamkumbatia. Walipewa beji zao. Watoto walikula pilau mara mbili. Mhandisi mmoja mstaafu aliwaonyesha kwa chungwa na taa ya mezani jinsi mwezi unavyopatwa, na yule binti wao wa pili alimuuliza maswali mazuri sana hadi mzee akatoa miwani kuifuta. Kwa saa moja na nusu nilikumbuka ilivyokuwa zamani. Kisha baba akanivuta kando.

"Mama, bengine beko wapi?"

Nikamwambia wamepata udhuru.

"Wote?"

Alinitazama kwa huruma, na alipoondoka aliniambia aksanti mara tatu.

Jioni ilipoingia, meza ya usajili ilikuwa na beji ishirini na tisa. Mwenyekiti alianza kuzikusanya moja moja. Nilikuja kumsaidia akanizuia kwa kiganja.

"Hawa watu walikuambia watakuja?" akauliza.

"Walisema."

"Wote ishirini na tisa walisema uongo?"

Hapo ndipo nilipomweleza. Nilimweleza vizuri, maana sikutaka awadharau watu wangu: kwamba si uongo, ni adabu; kwamba kwetu ukimpenda mtu humkatai usoni, unamwitikia, na yeye anayajua mengine mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, amezishika zile beji kifuani.

"Na wewe?" akaniuliza. "Wewe pia huwakatai watu unaowapenda?"

Nilianza kukunja kitambaa cheupe cha meza. Akatikisa kichwa taratibu, akaziweka beji kwenye sanduku, akaenda chumbani kwake kupumzika. Nilikaa pale mezani hadi watu wa hoteli walipokuja kuitaka meza yao.

Jumapili mchana, kabla ya kutawanyika, kuna kikao ambacho sijakiona penginepo duniani. Sisi tunakiita kikao cha manung'uniko. Kamati inakaa mbele, na mtu yeyote anasogelea maikrofoni na kusema kilichomkera. Sharti ni moja: anayelalamikiwa hajitetei. Hata kama ameonewa, haelezi. Anaandika alichoambiwa, anasema asante, basi. Miaka ya nyuma foleni ya manung'uniko ilifika mlangoni, watu wakigombana na kucheka, na kikao kilikuwa kinachukua saa mbili. Safari hii mbele tulikaa wanne, na kwenye viti walikaa watu kumi na wanne, niliwahesabu. Mmoja alisema kahawa ilikuwa nyepesi. Tukasema asante. Mwingine alisema lifti ya hoteli ina harufu. Asante. Hakuna wa tatu aliyesogelea maikrofoni. Watu waliokuwa na manung'uniko ya kweli walikuwa wameshakufa.

Mwenyekiti akainuka kutoka kiti chake katikati yetu. Nilidhani anafunga kikao. Lakini alizunguka meza, akashuka chini na fimbo yake, akaenda kusimama kwenye maikrofoni ya wanachama, akitutazama sisi. Hakuna mwenyekiti aliyewahi kufanya hivyo.

"Nina nung'uniko," akasema. "Mwaka jana nilimuuliza mmoja wa kamati hii kama kongamano limekufa. Nilimuuliza yeye kwa sababu nilijua anajua. Nilitaka ukweli, yeye akanipa adabu. Angeniambia ukweli, ningewaita watu wangu wakati bado walikuwa wanaweza kupanda ndege. Ningewaona. Hilo ndilo nung'uniko langu."

Hakutaja jina wala hakuinua sauti. Wenzangu wawili walitazama karatasi zao. Wangeweza kudhani ni yeyote kati yetu, lakini nadhani walijua, maana hakuna hata mmoja aliyenigeukia. Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba nililelewa hivyo. Kwamba nilimpenda. Kwamba nilikuwa naogopa. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliandika maneno yake yote, neno kwa neno, kama sharti linavyotaka.

"Asante," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaugeuza uso wake kwa watu waliokaa kwenye viti.

"Lile la mwisho lilikuwa hili," akawaambia. "Limekwisha. Samahani kwamba hamkujua mlikuwa ndani yake."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akajisikia peke yake, akaacha. Mzee wa posta, yule niliyebishana naye mwaka wangu wa kwanza, alikuwa analia bila kujificha. Watu walinyanyuka wakaanza kukunja viti, kwa sababu viti havijikunji vyenyewe, na ndivyo walivyoagana, kila mmoja na kiti mkononi.

Kila mwaka mimi ndiye niliyemrudisha mwenyekiti Anoka, na masufuria nyuma ya gari. Safari hii nilipokuja na funguo nilikuta ameshaomba lifti kwa mtu mwingine. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, mkanda amefunga, koti limefika kidevuni. Alishusha kioo. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira. Alikuwa na lile tabasamu ambalo watu wa Minnesota humpa jirani wakikutana kwenye duka la vyakula.

"Karibu kwangu tunywe kahawa siku moja," akasema.

Nimekaa jimbo hili miaka ya kutosha kujua siku hiyo huwa haina tarehe. Na hata hivyo ningeweza kumuuliza ni lini. Ningeweza kumuuliza saa ngapi, nilete nini.

"Nitakuja," nikamwambia, na kioo kikapanda.